Mtihani wa Mdomo wa Uzamivu na Mashahidi Wasioitwa: Uhakiki kutoka Mbinga na Mwambao wa Nyasa

1. Utangulizi

Katika vyuo vyetu vya theolojia, na katika vyuo vikuu vya nchi zetu kwa jumla, hakuna saa zinazoogopwa kuliko zile ambazo mwanafunzi wa shahada ya uzamivu huketi mbele ya jopo la watahini na kuulizwa kwa mdomo. Mtihani wa kuandika una karatasi ya maswali, una daftari la majibu, na una mtahini wa nje awezaye kuyapitia majibu hayo upya ikiwa kuna malalamiko. Mtihani wa mdomo, kama unavyoendeshwa mahali pengi, hauna hata kimoja cha vitu hivyo. Maswali hutoka vinywani mwa watahini, majibu hupotea hewani, na hukumu hutolewa mlango ukiwa umefungwa. Mtahiniwa huitwa tena kuambiwa neno moja tu: umepita, au hukupita.

Makala haya yanakusudia kuuhakiki mtihani huo. Tutauliza mambo matatu: unaendeshwaje, unapimwaje, na je, unakipima kile unachodai kukipima? Hatuuhakiki kwa nia ya kuubomoa. Sisi tulio walimu wa theolojia na wachungaji tumekalia viti vya pande zote mbili za meza hiyo, na tunaamini kwamba una kazi ambayo karatasi haiwezi kuifanya. Lakini kitu chenye kazi kubwa hakina budi kuchunguzwa kwa makini kuliko kitu chenye kazi ndogo.

Tumechagua kuutazama mtihani huu kutoka mahali pamoja, yaani nyanda za juu za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, sehemu ambazo zilikuwa wilaya moja ya Mbinga mpaka mwaka 2012, mwambao ulipokuwa Wilaya ya Nyasa yenye makao yake Mbamba Bay. Sababu ni mbili. Kwanza, Wamatengo wa milimani wameandikiwa utafiti mwingi wa kitaaluma, hasa kuhusu kilimo chao cha ngoro, kwa hiyo tunaweza kuuliza kwa mfano ulio hai ni nani anayestahili kumtahini mtu anayeandika juu yao. Pili, watu wa pande hizi walikuwa na desturi yao wenyewe ya kuulizana na kupimana kwa mdomo kabla chuo kikuu chochote hakijasimama katika ardhi yetu.

Kabla ya kuendelea ni vema tutenganishe mitihani miwili ambayo mara nyingi huchanganywa. Upo mtihani wa kufuzu, ambao mwanafunzi huufanya kabla ya kuruhusiwa kuandika tasnifu, ili ionekane kama anaufahamu uwanja wake na kama swali lake linastahili kutafitiwa. Upo pia utetezi wa tasnifu, unaokuja mwishoni kazi ikiwa imekwisha kuandikwa. Makala haya yanahusu zaidi ule wa kwanza, maana ndio usioandikiwa kanuni nyingi na ndio unaoweza kumrudisha mtu nyumbani kabla hajaanza. Hata hivyo mengi tutakayoyasema yanahusu yote miwili.

2. Asili ya mtihani huu

Wengi hudhani kwamba mtihani wa mdomo ni ibada ya wasomi isiyo na mwanzo. Sivyo. Ulizaliwa katika vyuo vikuu vya Ulaya vya zama za kati, ambako njia kuu ya kuthibitisha elimu ilikuwa mjadala wa hadhara. Hoja ziliandikwa na kutangazwa mapema. Mmoja alizitetea, wengine walizipinga, na mwalimu alikaa katikati kuuongoza mjadala. Martin Luther alipewa udaktari wa theolojia kwa utaratibu wa namna hiyo huko Wittenberg, tarehe 18 na 19 Oktoba 1512, Andreas Karlstadt akiongoza. Gharama yake, guldeni 50, ililipwa na Mteule Frederick, kwa makubaliano kwamba Luther angefundisha hapo maisha yake yote. Hoja 95 za mwaka 1517 nazo ziliandikwa kwa mtindo huo huo: zilikuwa tangazo la mjadala.

Katika historia hiyo liko tukio moja ambalo watahini wa leo wangefaidika kulitafakari. Mwaka 1519 huko Leipzig, Johannes Eck alijadiliana na Karlstadt na Luther. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba maneno yote yaandikwe na waandishi walioapishwa, na kwamba uamuzi usitolewe na waliokuwamo ukumbini, bali na vyuo vikuu vya Erfurt na Paris baada ya kuzisoma kumbukumbu hizo. Erfurt haikutoa uamuzi, na Paris ilipotoa neno lake mwaka 1521 ilihukumu maandiko ya Luther, wala haikushughulika na mjadala wenyewe. Pamoja na hayo kanuni iliyokusudiwa ilikuwa njema: maneno yaandikwe, na mwamuzi asiwe mshindani. Ni ajabu kwamba miaka 500 baadaye wapo watahini wanaoendesha mtihani wa udaktari bila mwandishi mezani.

Kutokana na shina hilo matawi mengi yalichipuka. Nchini Sweden na Finland tasnifu huchapishwa kwanza, kisha hutetewa hadharani mbele ya mpinzani rasmi aliyeteuliwa. Hata ndugu wa mtahiniwa huja kusikiliza. Nchini Uholanzi mtumishi wa chuo huingia na kutangaza kwamba saa imetimia, na hapo maswali hukoma hata kama mtu yumo katikati ya sentensi. Nchini Ujerumani vipo vitivo vinavyomwuliza mtahiniwa juu ya masomo kadhaa ya theolojia, na vingine humtaka aitetee tasnifu peke yake. Marekani ndiko mtihani wa kufuzu ulikopata umbo lake la sasa: mwanafunzi humaliza masomo ya darasani, huandika mitihani mipana, kisha huulizwa kwa mdomo na kamati ya walimu wake kabla ya kuanza tasnifu. Nchini Uingereza mtahiniwa huketi faraghani na watahini wawili au zaidi kidogo.

Vyuo vya Afrika Mashariki vilianza vikiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London. Ndivyo ilivyokuwa kwa Makerere na Nairobi, na kwa Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1961, mpaka Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipoanzishwa mwaka 1963. Kwa hiyo tulirithi mtihani wa faragha. Baadaye waalimu wetu waliosoma Marekani na Ujerumani walirudi na desturi za huko. Matokeo yake, katika jopo moja la watu watano unaweza kukuta mitihani mitatu: mmoja anatafuta upana wa usomaji, mwingine anataka mashambulizi ya hadharani, na wa tatu anadhani wamekusanyika kumpongeza mwanafunzi wake. Mtahiniwa hajui yuko katika mtihani upi, na pengine watahini wenyewe hawajaulizana.

3. Jinsi unavyoendeshwa

Kasoro ya kwanza ya uendeshaji ni kwamba maswali hayatayarishwi. Mtahini husoma andiko la utafiti usiku wa kuamkia siku ile, au asubuhi yake, na huuliza kile kinachompendeza yeye. Aliyeandika juu ya Paulo huuliza juu ya Paulo, hata ikiwa mtahiniwa anatafiti matanga ya mwambao wa Nyasa. Swali la namna hiyo laweza kuwa zuri, lakini halimpimi mtahiniwa. Linapima kama mtahiniwa amesoma kitabu kile kile ambacho mtahini alikisoma.

Kasoro ya pili ni nafasi ya msimamizi. Mahali pengi msimamizi wa mwanafunzi huketi katika jopo, huuliza, na hupiga kura. Mtu aliyelipalilia shamba kwa miaka miwili hawezi kuwa mpimaji wa mavuno yake bila upendeleo. Na upendeleo huo hauendi upande mmoja tu. Tumeona msimamizi akimkinga mwanafunzi wake asiulizwe. Tumeona pia msimamizi akimpiga mwanafunzi wake kwa maswali makali ili wenzake wasije wakamdhania kuwa mlegevu.

Kasoro ya tatu ni lugha. Mtahiniwa aliyezaliwa Lituhi au Litembo ameongea lugha ya nyumbani kwao tangu utoto, amefundishwa shule ya msingi kwa Kiswahili, na amekusanya habari zake zote kwa lugha hizo mbili. Siku ya mtihani huulizwa kwa Kiingereza na watu ambao nao Kiingereza si lugha yao. Hatusemi kwamba Kiingereza hakina nafasi. Msomi wa uzamivu lazima aweze kuwasiliana na wenzake wa mbali. Lakini uwezo wa kusema Kiingereza haraka ni jambo moja, na kulifahamu jambo ni jambo jingine. Jopo lisilotenganisha hayo mawili humpa alama mwenye ulimi mwepesi na kumnyang'anya mwenye kichwa kizito.

Kasoro ya nne haizungumzwi sana, nayo ni ukimya. Katika malezi yetu kijana anapoulizwa na mzee jambo zito hajibu papo hapo. Huinamisha uso, hunyamaza kidogo, ndipo hujibu. Kurukia jibu ni utovu wa adabu. Aidha hampingi mzee kwa maneno makavu, bali huanza kwa kukiri lililo jema katika kauli yake. Katika mtihani wa mdomo mambo hayo yote husomwa kinyume. Kunyamaza huitwa kutojua, na heshima huitwa woga.

Katika chuo kimoja ambacho hatutakitaja tuliketi kama wasikilizaji katika mtihani wa kufuzu wa mtu aliyezaliwa mwambaoni. Alikusudia kuandika juu ya imani na uvuvi. Alipoulizwa maana ya kumtegemea Mungu katika wazo lake la utafiti, alianza kueleza jinsi wavuvi wanavyousoma upepo wa mwera kabla ya kuingiza mitumbwi majini, na jinsi siku za usipa mwingi na siku za usipa haba zinavyobadilisha sala zao. Mtahini mmoja alimkatiza akamwambia aache habari za nyumbani, ataje wanatheolojia. Mtahiniwa alinyamaza. Akataja majina matatu, akanyamaza tena. Taarifa ya jopo ilisema kwamba anakosa ujasiri wa kitaaluma, na akarudishwa kwa miezi sita. Hatudai kwamba andiko lake lilikuwa kamilifu. Lilikuwa na mapungufu ya usomaji, na kurudishwa huenda kulistahili. Tunachodai ni kwamba lile alilokatizwa akilisema ndilo lililokuwa jibu la swali, na hakuna aliyelipima.

4. Sengu, ngoro na maswali yasiyoulizwa

Hapa tuingie milimani. Wamatengo walikuwa na taasisi waliyoiita sengu. Ilikuwa mahali pa ukoo ambapo watu walikusanyika, wakala pamoja, wakazungumza mambo ya siku, wakaamua magomvi, na vijana wakafundishwa. Kijana aliyerudi shambani aliulizwa alichokifanya na kwa nini alikifanya hivyo. Jibu lake lilisikilizwa na watu wanaolifahamu shamba lenyewe, maana walilima ntambo mmoja, yaani mgongo mmoja wa mlima ulio kati ya mabonde mawili. Hakuweza kuwadanganya, nao hawakuweza kumwonea kwa urahisi, kwa sababu jambo lenyewe lilionekana kwa macho ya wote.

Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo cha Morogoro pamoja na wenzao kutoka Japani walifanya utafiti mrefu Mbinga tangu miaka ya 1990, na walipoanza kufanya kazi ya maendeleo na vijiji waliona vema kulitumia jina hilo la sengu kwa kamati za wanakijiji. Walitambua kwamba mahali pa watu kuulizana palikuwapo kabla yao.

Tusiipambe sengu kupita kiasi. Neno la mwisho lilikuwa la wazee wanaume, na kijana mwenye wazo jipya hakuwa na mahali pa kukata rufaa. Yeyote anayetaka kuichukua sengu nzima na kuiweka chuoni ataleta chuoni ubabe uleule tunaoulalamikia. Lakini sengu ilikuwa na sifa moja ambayo jopo la kisasa halina: waliouliza walilijua jambo linaloulizwa.

Tuchukue mfano wa ngoro. Ngoro ni kilimo cha vishimo katika miteremko mikali. Inasimuliwa, na wanahistoria wanakubali, kwamba Wamatengo walisongamana milimani katika karne ya 19 kwa kukimbia mashambulizi ya Wangoni, wakalazimika kulima mahali ambapo udongo ungebebwa na mvua katika misimu michache. Mwishoni mwa masika nyasi hufyekwa na kulazwa kwa safu zinazokatizana hata mteremko wote uonekane kama wavu wa miraba. Kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupwa juu ya nyasi, ukabaki mfano wa shimo lenye matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, na msimu ufuatao hupandwa mahindi. Nyasi huoza chini zikawa mbolea, na mashimo hukamata maji na udongo visiteremke bondeni. Ni kazi ya akili nyingi, na imeuhifadhi udongo wa milima ile kwa zaidi ya miaka 100.

Sasa tumtafakari mtahiniwa anayeleta wazo la kuandika theolojia ya uumbaji kwa kuitumia ngoro. Jopo litamwuliza juu ya nadharia yake, mbinu zake, na vitabu vyake. Hayo ni maswali halali. Lakini mama mmoja wa Kimatengo angemwuliza swali ambalo hakuna profesa aliyelifikiria: katika ngoro hiyo, wewe ulizungumza na nani? Kwa desturi wanaume ndio waliofyeka na kuzilaza nyasi, na wanawake ndio waliochimba udongo na kupanda maharage. Mtafiti aliyewahoji wazee wanaume peke yao ana nyasi bila udongo. Ataandika sura nzuri juu ya ushirika wa mwanadamu na ardhi, na nusu ya wanadamu wenyewe haimo. Swali hilo moja lingeifunua kasoro ya mbinu yake kuliko saa nzima ya kutajiana majina ya wanazuoni.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika mitihani yetu asiyekuwapo ni yule aliyetoa maarifa. Yeye ndiye shahidi mkuu, wala haitwi.

Watu wa pande hizi hawakuwa wageni wa kuulizwa kwa mdomo hata katika mambo ya dini. Mapadre wa Kianglikana wa misheni ya UMCA, waliokuwa na kituo chao kikuu kisiwani Likoma tangu 1885, na kati yao William Percival Johnson, aliyefariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, waliwasaili wakatekumeni wa mwambaoni kabla ya ubatizo. Wabenediktini wa Peramiho walifanya vivyo hivyo milimani, na Walutheri wa misheni ya Berlin, waliofika kaskazini mwa ziwa mwaka 1891, nao walikuwa na masomo yao na maswali yao. Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 yenyewe imejengwa kwa kuuliza na kujibu. Mkatekumeni alikuwa na faida moja ambayo mtahiniwa wa uzamivu hana: alijua tangu mwanzo ataulizwa nini, na jibu jema linafananaje. Hatutaki uzamivu ugeuke katekisimu ya kukariri, lakini tunauliza kama ni haki mtu wa shahada ya juu kabisa ajue kidogo kuliko mkatekumeni juu ya namna atakavyopimwa.

5. Jinsi unavyopimwa

Ikiwa uendeshaji una kasoro, upimaji una kasoro zaidi. Jambo hili lilichunguzwa zamani. Mwaka 1935 Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha nchini Uingereza uchunguzi wao juu ya mitihani. Watahiniwa 16 walisailiwa kwa mdomo na majopo mawili yaliyokaa mbalimbali. Majopo yalitofautiana vibaya: mtu aliyewekwa wa kwanza na jopo moja aliwekwa wa 13 na jopo la pili. Watahiniwa walikuwa wale wale. Waliobadilika ni watahini. Tangu hapo wataalamu wa elimu wamerudia kuonyesha jambo lilelile: usaili usio na maswali ya pamoja na vigezo vya pamoja hautegemeki, na usaili wenye maswali na vigezo vilivyoandikwa hutegemeka zaidi.

Tuangalie mambo yanavyokwenda kwetu. Mtahiniwa akishatoka nje, mwenyekiti huuliza: wenzangu, mnaonaje? Anayesema kwanza ni mkubwa wa cheo au wa umri. Baada yake wa pili huunga mkono kwa kuongeza kidogo, na wa tatu, aliyekuwa na maoni tofauti, huona haya kumpinga aliyemfundisha. Taarifa huandikwa kwamba jopo limekubaliana kwa kauli moja. Penye wengi hapaharibiki neno, lakini methali hiyo inadhani kwamba wengi wamesema. Watano wanaomfuata mmoja ni mmoja.

Hata pale alama zinapotolewa, huchukuliwa wastani bila kuuliza wastani huo umeficha nini. Tuseme watahini watatu wametoa 70, 55 na 40. Wastani ni 55, na mahali ambapo kupita ni 50 mtahiniwa amepita. Lakini alama hizo hazisemi kwamba mtahiniwa ni wa kiasi. Zinasema kwamba mmoja anamwona bora, mwingine anamwona hafai, na hatujui nani amekosea. Kuzijumlisha na kuzigawa kwa tatu ni kukwepa swali.

Yapo pia mambo ambayo hayamo katika kigezo chochote lakini hupewa alama kimyakimya: suti, sauti, lafudhi, jina la askofu aliyeandika barua, na kama mtahiniwa ni mwanamke. Mwanamke anayejibu kwa nguvu huitwa mkali, na mwanamume anayejibu hivyo hivyo huitwa hodari. Hatuna haja ya kuthibitisha jambo ambalo kila aliyeketi katika majopo haya amelisikia kwa masikio yake.

6. Hoja mbili za kujibu

Wako wanaosema kwamba, kwa kuwa kasoro ni nyingi hivi, mtihani wa mdomo ufutwe, na andiko lipimwe kwa kusomwa. Hatukubaliani nao. Andiko haliwezi kuulizwa swali la pili. Mtu huweza kunakili nadharia kwa ufasaha asiielewe. Ukimwuliza aieleze kwa mfano wa kijijini kwake ndipo ukweli hujitokeza. Na katika siku hizi, ambapo programu za kompyuta zaweza kuandika sura nzima yenye tanbihi, kuketi na mtu uso kwa uso na kumwuliza amefikaje kwenye hitimisho lake kumekuwa na thamani kuliko hapo awali. Kwa sababu hiyohiyo hatuwezi kuvumilia uendeshwe ovyo.

Wako pia wanaosema kwamba hukumu ya wataalamu haiwezi kuwekwa katika jedwali. Mtaalamu humtambua mtaalamu mwenzake kama mvuvi anavyoijua harufu ya mvua. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kigezo kilichoandikwa hakitamfanya asiyejua kuwa mjuzi. Lakini mvuvi akikosea juu ya mvua anazama yeye. Mtahini akikosea anayezama ni mwingine. Nyuma ya mtahiniwa mara nyingi ziko sharika zilizochanga, wake kwa waume waliouza kahawa na usipa, na chuo kinachongoja mwalimu. Mwenye kuamua juu ya watu wengi kiasi hicho anadaiwa maelezo.

7. Mapendekezo

Kwa mintarafu hiyo tunapendekeza mambo yafuatayo kwa vitivo vyetu.

(a) Mtahiniwa apewe kwa maandishi, walau wiki nne kabla, makusudi ya mtihani, muda wake, na vigezo vya kupimia. Vigezo visizidi vinne au vitano: ufahamu wa uwanja, uwezo wa kuutetea uchaguzi wa mbinu, uwezo wa kuyapima mawazo ya wengine, na uaminifu kwa vyanzo. Ufasaha wa lugha uwe kigezo cha peke yake, usijipenyeze katika vingine.

(b) Kila mtahini alete maswali yaliyoandikwa, na jopo liyapatanishe kabla mtahiniwa hajaingia. Maswali ya papo kwa papo yaruhusiwe, lakini yafuate yale ya pamoja.

(c) Msimamizi ahudhurie, aweze kufafanua akiulizwa na mwenyekiti, lakini asipige kura.

(d) Kila mtahini aandike alama zake na sababu zake kabla ya mazungumzo yoyote, na aliye mdogo kwa cheo asome kwanza. Alama zikitofautiana kwa zaidi ya 15, wastani usichukuliwe mpaka tofauti yenyewe imejadiliwa na kuandikwa.

(e) Pawepo mwandishi mezani au chombo cha kunasia sauti, na kumbukumbu zihifadhiwe ili rufaa iwe na kitu cha kusikilizwa.

(f) Mtahiniwa aruhusiwe kunyamaza na kufikiri. Mwenyekiti atangaze hivyo mwanzoni, na awazuie watahini kukatiza jibu kabla halijafika mwisho.

(g) Mtahiniwa anayetafiti jamii fulani aruhusiwe kujibu sehemu ya mtihani kwa Kiswahili, na jopo liwe na angalau mtu mmoja anayeijua jamii hiyo au lugha yake.

(h) Kabla ya utetezi wa mwisho, mtafiti arudi aliko utafiti, awasomee watu muhtasari wa aliyoyaona, na maoni yao yaandikwe na kuletwa mbele ya jopo. Barabara ya lami sasa inafika Mbamba Bay. Umbali si udhuru tena.

Pendekezo la mwisho litapingwa. Itasemwa kwamba wanakijiji watazuia ukweli usiowapendeza, hasa pale mtafiti anapoandika juu ya urithi wa ardhi au juu ya wanawake. Hofu hiyo ni halali, na ndiyo maana hatusemi kwamba wanakijiji wapige kura. Wao ni mashahidi wa jambo, si waamuzi wa tasnifu. Wakisema mtafiti amekosea kuhusu nani anachimba ngoro, jopo lazima lisikie. Wakisema hawapendi alivyolitafsiri jambo hilo, jopo lisikie pia, kisha limwulize mtahiniwa anajibu nini. Jibu lake hapo litamfunua kama ni msomi kuliko maswali mengi tunayomwuliza sasa.

8. Hitimisho

Mtihani wa mdomo wa kufuzu ulianza kama mjadala wenye hoja zilizotangazwa mapema na, pale ulipofanywa vema, wenye waandishi na waamuzi wa nje. Mahali pengi umebaki na ukali wake na kupoteza ulinzi wake. Tumeonyesha kwamba kasoro zake kubwa hazitokani na ubaya wa watu, bali na ukosefu wa utaratibu: maswali yasiyotayarishwa, vigezo visivyoandikwa, kura za kufuatana, lugha inayochanganywa na maarifa, na ukosefu wa wale wanaolijua jambo. Kila moja ya hizo inaweza kurekebishwa bila fedha za wafadhili na bila kungoja sheria mpya. Lipo lingine ambalo halihitaji hata azimio la kitivo: mtahini atakayeketi mezani wiki ijayo anaweza kuanza kwa kuandika maswali yake leo, na kwa kumwacha mtahiniwa amalize sentensi yake.